Betri Kifuani mwa Mwewe

Wenzake walimwita Mwewe, kwa jinsi alivyonyakua magunia ya taka na kuyarusha garini bila gari kusimama. Miaka kumi na minane alikimbia nyuma ya lile gari, na uvundo wa nyama iliyooza haukumkunjisha uso hata siku moja. Kilichokuja kumtia kinyaa ni maneno ya watu.

Ilianza kwenye mwinuko wa sokoni. Akikimbia, kifua kinambana, macho yanaingia kiza, miguu inakuwa maji. Akikaa dakika tano kando ya barabara, mzima, utadhani si yeye.

"Uvivu huo," msimamizi alisema mbele ya wote, huku akichokoa meno. "Ugonjwa gani unapona kwa kukaa?"

Zahanati walimpima moyo akiwa amelala kitandani, wakaona shwari, wakampa dawa ya vidonda vya tumbo. Akainywa miezi minne, nzito kama chokaa, hadi ikawa akiiona chupa tu anataka kutapika.

Dada yake, mshonaji asiyevumilia kazi ya kulipua, ndiye aliyemkokota hadi hospitali kubwa. "Kaka yangu huugua akikimbia," alimwambia daktari. "Sasa mbona wanampima amelala?"

Daktari, mama wa makamo, alitikisa kichwa kukubali, akampandisha kwenye mashine ya kukimbilia, nyaya tele kifuani. Mapigo yalipanda hadi mia na kumi, mara yakaporomoka hadi hamsini na tano. Mwewe akang'ang'ania ukingo, jasho baridi likimtoka.

"Moyo una umeme wake," daktari alieleza. "Ukitulia, umeme huo unafika sehemu ya chini ya moyo vizuri. Ukikimbia, njia yake inaziba. Tutakuwekea kifaa chenye betri kiusaidie."

Wakakipachika chini ya mfupa wa mtulinga. Wiki za kwanza hakutaka kujitazama. Kale kauvimbe kalimchefua, kama kupe aliyeshiba.

"Kupe hunyonya," mkewe alimwambia akimbadilishia bendeji. "Huyu anakulisha. Tulia."

Baada ya miezi mitatu alipimwa tena kwenye mashine ileile. Akakimbia mpaka daktari akamwambia inatosha, kifua hakikuuma. Akaruhusiwa kurudi kazini.

Asubuhi ya kwanza msimamizi alimjia akichekacheka, kidole mbele. "Hebu tukiguse hicho kidude, bwana."

"Toa mkono wako," Mwewe alisema taratibu, akafunga kifungo cha shati.

Akamgeuzia mgongo, akadandia gari. Tangu hapo hawakuzungumza ila mambo ya kazi, na hata hayo Mwewe aliyajibu akitazama pembeni.