Lango Dogo la Nyuma ya Mji

Haya sikuyasikia kwa mtu. Nilikuwa mle ndani, macho wazi, na tumbo langu limeshiba maharage, kwa hiyo usije ukaniambia niliota kwa njaa. Watu zaidi ya ishirini walikuwa pamoja nami. Wengine bado wako Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, waulize. Juu ya filamu watabishana mpaka uchoke. Juu ya yule mgeni hawabishani. 

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, kaka yangu Innocent alikuwa na nyumba ya kuonyesha filamu pale kambini. Matofali mabichi, mabati juu, magunia yamepigiliwa madirishani ili mwanga usiingie, televisheni moja, na jenereta nyuma ya ukuta. Mimi nilisoma Bukavu, Kifaransa nakijua, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Nakaa kwenye kiti kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi. Mtu akisema kitu kwenye filamu, mimi nakisema kwa Kiswahili. Mfalme ni mimi, askari ni mimi, binti wa mfalme ni mimi. Watu walisema filamu bila mimi ni mboga bila chumvi.

Siku ya yule mgeni ilikuwa mchana wa mvua, siku ya pili mfululizo. Tulionyesha filamu ndefu ya vita vya kale. Mji wenye kuta kubwa, jeshi limeuzunguka, panga, mishale ya moto, tembo waliovalishwa chuma. Mwishoni jemadari anakufa juu ya ukuta, mji unaungua, na majina ya waigizaji yanaanza kupanda. Innocent akatoka kuzima jenereta ili petroli isiishe. Televisheni ikawa nyeusi. Hapo, kama kawaida yetu, watu hawakuondoka. Wakaanza kutoa maoni.

Vijana walisifu mapigano. Mmoja alisimama kwenye benchi kutuonyesha jinsi jemadari alivyogeuza upanga. Mzee Faustin, kinyozi Mnyarwanda, akasema jemadari anaongea sana: mtu ana mishale mitatu kifuani, na bado anahubiri? Tukacheka. Mama Riziki, aliyekuwa akiuza mandazi, alikuwa ameketi mlangoni na ndoo yake, ameziba njia yote.

"Mi naulizaka kitu kimoja," akasema. "Baaskari elfu na elfu, siku zote bako mu vita. Ni nani anabapikiaka? Sikuona hata sufuria moja!"

Chumba kizima kilicheka, niamini. Na katikati ya kicheko kile, sauti ikatoka benchi la nyuma.

"Haikukuwaka vile."

Tuligeuka. Alikuwa mwanamume wa makamo, koti lake limechakaa, kofia ameiweka magotini. Hakuna aliyemjua. Nilimtazama miguu kwanza, sijui kwa nini. Nje matope yalifika vifundoni, sisi sote tulikuwa na matope. Miguu yake ilikuwa na vumbi. Vumbi kavu, jeupe, kama la mtu aliyetembea kiangazi kizima.

Alisema polepole, bila ubishi. Kuta hazikuwa ndefu vile. Tembo walikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa mgonjwa. Jemadari hakusema neno lolote. Kisha akamgeukia Mama Riziki. "We njo umeona muzuri, mama. Sufuria zilikuwaka. Zilipitia lango dogo, kule nyuma ya mji. Hiyo filme inaishia pale sisi tulianzia kutembea."

Sasa sikiliza ajabu. Mimi nilimsikia kwa Kiswahili cha Bukavu, cha mtaani kwetu kabisa, hata jinsi baba yangu alivyokuwa akivuta maneno. Baadaye Mzee Faustin aliniapia kwamba mtu yule aliongea Kinyarwanda tangu mwanzo hadi mwisho. Mama Riziki alisikia Kifulero. Mtu mmoja, mdomo mmoja. Utalielezaje hilo?

Mzee Faustin ndiye aliyeuliza. Nadhani alitaka kumtania tu. "Basi ilikuwaka je?"

Mgeni akainuka, akaja mbele, akasimama karibu nami. Hakugusa kitu. Televisheni ikawaka.

Jenereta ilikuwa imezimwa. Nilisikia mvua juu ya mabati na hakuna kingine. Lakini pale kwenye kioo palikuwa na ukuta uleule wa mji, ukionekana kwa nyuma, na lango dogo la mbao. Watu walikuwa wanatoka mmoja mmoja. Hakuna muziki, hakuna kilio. Wamebeba mikeka, vyungu, kuku waliofungwa miguu. Wanatembea tu, na mwanga juu yao ulikuwa wa alfajiri, wa rangi ya maziwa.

Nikaanza kutafsiri. Nakuapia, watu wale hawakuwa wakisema kitu, midomo yao imefungwa. Lakini ulimi wangu uliondoka wenyewe. Nilisema: "Shika mkono wangu." Nikasema: "Mlango umeufunga?" Nikasema: "Chumvi, nani amebeba chumvi?" Kila niliposema, mtu mmoja mle ndani alivuta pumzi, kama aliyesikia sauti ya nyumbani kwake. Sauti yangu ilikuwa tamu, laini, na sikuogopa hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha sasa. Nilikuwa nimetulia kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

Mstari haukuisha, na nguo zikabadilika taratibu. Zile shuka za kale zikawa vitenge. Vyungu vikawa madumu ya njano. Na hapo nikamwona baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa nguo. Siku tulipokimbia Bukavu alirudi ndani kuchukua kichwa cha cherehani yake, akatuambia tutangulie. Hatukumwona tena. Sasa alikuwa anapita mbele yangu, kichwa cha cherehani begani, hatua zake zilezile fupifupi. Nilitaka kuita "Papa!" Lakini ulimi haukuwa wangu, ulikuwa unawasemea wale wengine. Nilisema maneno ya bibi mmoja juu ya mbuzi wake huku baba yangu akipita, akipita, mpaka akaishia ukingoni mwa kioo.

Mzee Faustin ulimi wake ulikuwa huru.

"Vestine!" aliita, jina la mke wake aliyepotea vitani.

Mstari wote ukasimama. Mwanamke mmoja, mwembamba, ana kikapu kichwani, alikuwa amemshika mtoto wa kike mkono. Aliuachia mkono ule. Akageuka, akatutazama, akatabasamu. Nyuma yake mstari ukaanza tena kutembea, na mtoto akaenda nao peke yake.

Mgeni alishusha kichwa. "Ungemuacha apite," alisema, kwa upole kama anayetoa pole msibani.

Kioo kikawa cheusi. Innocent akaingia akipangusa mikono. Mgeni hakuwepo. Mlango ni mmoja tu, na Mama Riziki alikuwa bado ameuziba yeye na ndoo yake. Zaidi ya Innocent, hakuna mtu aliyempita.

Tuliirudisha ile filamu siku iliyofuata, Innocent na mimi peke yetu. Jemadari anakufa, mji unaungua, majina yanapanda, basi. Hakuna lango dogo. Vijana wengine walikwenda kusambaza kambini kwamba kuna sehemu ya pili, nzuri kuliko ya kwanza ingawa haina mapigano, na watu walikuja kuidai. Mama Riziki alisema yeye alisinzia, hakuona lolote. Lakini hakuuza tena mandazi mlangoni petu.

Mzee Faustin alifunga kibanda chake cha kunyolea wiki ileile, akahamia mjini.

Miezi ikapita. Siku moja nilikwenda Lilongwe kununua vitambaa, nikasikia kwamba ananyoa watu mtaa wa Area 47 na amepanga chumba mtaa wa Mtandire. Nilichukua kabaza, mwendesha baiskeli akanishusha karibu na mlango wake. Nilimkuta uani, na kwanza nilifurahi. Shati limepigwa pasi. Amenenepa. Ua umefagiliwa kwa mistari mizuri. Kwenye kamba palikuwa na kitenge cha mwanamke, kinadondosha maji.

"Karibu, dada, ingia! Umefika saa ya kula."

Aliandaa sahani tatu za nsima, ugali wa huku. Tulikuwa wawili. Nilitazama ile ya tatu, yeye akacheka kidogo. "Iko na haya mbele ya bageni. Umusamehe."

Niligeuka kunawa mikono kwenye beseni. Niliporudisha macho, kwenye sahani ya tatu tonge lilikuwa limekatwa, na alama za vidole zilikuwa mbichi kwenye nsima, vidole vyembamba. Nilikula kwa sababu sikujua la kufanya. Chumba kilinukia moshi wa kuni, na yeye anapikia makaa.

Aliponisindikiza nje ndipo uso wake ulipobadilika. Alinishika kiwiko.

"Dada, hajazeeka hata kidogo. Mi njo nazeeka. Muchana tunakaa muzuri. Lakini kila magaribi ananiuliza: Nani anamushika mutoto mukono? Ananiuliza, ananiuliza. Nitamujibu nini? Mi niliita jina moja tu."

Akaniambia kwamba sasa anazunguka nyumba zote za filamu, Mtandire, Kauma, popote. Akisikia kuna filamu ya vita vya zamani, anaacha wateja, anaenda kukaa benchi la nyuma. Anasubiri mpaka jina la mwisho lipande. Anasubiri mpaka wenye nyumba wamtoe. Anamtafuta mtu mwenye vumbi miguuni amuulize mtoto wake anaitwa nani kule, kwa sababu yeye alikufa ganzi siku zile za vita, na jina la binti yake limemtoka kichwani.

 Nilisema tu zikomo, yaani asante, kwa chakula, nikaondoka haraka.

Tangu siku hiyo sijashika kipaza sauti. Innocent alitafuta mtafsiri mwingine, kijana anayepiga kelele nyingi, na watu wamemzoea. Mimi nashona. Kuna siku nashukuru kwamba ulimi wangu ulishikwa. Kuna siku nyingine nakaa mbele ya cherehani, mguu umesimama juu ya pedeli, na namchukia yule bibi na mbuzi wake.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayependa filamu za zamani. Toa maoni yako, sifu panga, cheka jemadari, kisha inuka uende nyumbani. Mtu usiyemjua akisema pembeni yako kwamba haikuwa vile, mkubalie. Usimuulize ilikuwaje. Na kama umeshauliza, na lango limeshafunguka, funga mdomo wako kwa mikono miwili. Waache wapite wote. Maana unayemwona ni mmoja, na hujui ni nani anayemtegemea afike.