Mama Hakuwa Amelewa

Juzi, sokoni Butembo, nilimwona mwanamke amekumbatia nguzo huku vijana wa pikipiki wakisema amelewa. Nikamkumbuka mama.

Alasiri moja nikiwa mtoto, tukichambua maharagwe uani, alilala chini ghafla, akashika majani kwa mikono miwili. Nilimnusa mdomo, maana jirani yetu, Mama Kavira, alikuwa akisema mama anakunywa pombe ya ndizi kwa siri. Alinukia chai tu.

“Mama, ulikunywa?”

“Hapana. Zunguka mbio, kisha usimame.”

Nilizunguka, nikasimama, nikaanguka. Nyumba iliendelea kuzunguka.

“Mie naonaka vile,” alisema, “lakini bila kuzunguka.”

Leo najua ugonjwa ulikuwa sikioni, ukimpa kizunguzungu. Siku ile nilikwenda kwa Mama Kavira, nikamwomba azunguke. Alizunguka akicheka, kisha akashika mlango kwa mikono miwili.