Fundi Asiyeoga na Wenzake

Wesonga alirudi kazini Jumatatu na hakuna aliyemkaribisha kwa moyo. Banda la kuundia boti pale Asembo Bay lilikuwa lile lile, na pamba ya kuzibia maungio ilining'inia pale pale. Lakini nyundo yake, ile yenye mpini aliouchonga mwenyewe, ilikuwa mkononi mwa Joram. Huyu Joram alikuwa msaidizi wake. Sasa ndiye aliyewapangia watu kazi, na hata kichwa hakuinua.

"Karibu, Mzee," alisema. "Kaa hapo, usokote pamba."

Kusokota pamba ni kazi ya anayeanza kujifunza. Wesonga akakaa, akasokota kwa hasira. Mwaka ule alikuwa amepasuliwa Kisumu kwa saratani ya tezi dume, na miezi iliyofuata akafundishwa upya jambo ambalo hata mtoto mdogo hulijua: kubana mkojo. Akilala anabana misuli, akikaa anabana, huku mkewe Nelima akimtania ili asilie. Mwishowe daktari akamwambia afanye kazi, ila asibebe mizigo mizito kwanza. Mkojo ulikuwa bado unamtoka kidogo akichuchumaa au akikohoa, kwa hiyo alivaa pedi ndani ya suruali. Pedi haikumzuia kupiga msumari. Ilimzuia kuoga.

Maana ufukweni pale mwanamume haendi nyumbani na jasho. Kazi ikiisha, wote huvua nguo na kuingia ziwani pamoja, upande wenye mawe, na wanawake hupita njia nyingine. Humo majini ndimo msaidizi humsugua fundi wake mgongo, na ndimo mambo ya banda huamuliwa. Asiyeoga na wenzake ana lake jambo. Wesonga, Mluhya wa Busia, alioga nao miaka mingi mpaka wakaacha kumwita jamwa, yaani mgeni. Sasa kila jioni alichukua koti lake, akapanda njia ya nyumbani na jasho lake.

Midomo ikaanza kazi. Kwanza walisema hospitali imemkata, hana kitu tena. Kisha kikombe chake cha chai kikatengwa, eti kansa huambukiza. Wanaume wazima wenye ndevu, wanaogopa kikombe. Alhamisi Wesonga aliinama kuokota ubao, doa likajitokeza kwenye suruali, na Joram akaliona kabla ya mwenyewe.

"Omera, ndugu zangu, oneni maajabu," alisema. "Fundi wa kuziba boti, yeye mwenyewe anavuja."

Banda zima likacheka.

Ogola, mwenye banda, alisikia yote. Siku ya pili alimwita Wesonga kando.

"Mzee, vijana wanasema hawawezi fanya kazi na mtu anajificha. Kesho boti ya Mama Seline inaingia maji. Kutoka hapo nataka fundi mkubwa mmoja tu, yule watu watafuata."

"Na kama si mimi?"

"Utaenda nyumbani upumzike. Umeugua."

Wesonga alitamani kumtemea mate. Kupumzika, na mikono yake ilikuwa haijaugua hata siku moja.

Jumamosi boti iliingia majini. Joram ndiye aliyeiunda, Wesonga akiwa kitandani, na kama boti zote mpya ikaanza kuingiza maji kwenye maungio. Mama Seline, mchuuzi wa samaki aliyeiagiza, alishika kiuno.

"Joram, hii kitu inavuja."

"Ni kawaida, Mama," Joram alijibu, akichota maji kwa kopo bila wasiwasi wowote. "Mbao bado ni kavu. Ipe siku kadhaa itafura, itajiziba. Hakuna boti haivuji mwanzo."

Maneno hayo alifundishwa na Wesonga, neno kwa neno, na Wesonga alikuwa amesimama pale mchangani akiyasikia. Alingoja Mama Seline aende zake sokoni na wanaume waanze kuvua nguo. Safari hii hakuchukua koti. Alivua shati, akavua suruali, akaitoa pedi iliyolowa. Akaingia majini mpaka magotini, akaiweka juu ya ukingo wa boti, mbele ya uso wa Joram aliyekuwa bado anachota maji humo. Kovu lake lilishuka kutoka kitovuni, na kila mtu aliliona.

"Tazama vizuri," alisema. "Boti yako umeiombea siku kadhaa. Mimi niliyekufundisha kushika nyundo hukunipa hata wiki."

Joram akaacha kuchota. Wengine walitazama maji.

"Joram," Ogola aliita kutoka bandani, "rudisha nyundo ya mwenyewe."

Joram akatoka, akaichukua bandani na kuitupa mchangani kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Wesonga hakuiokota. Alijipaka sabuni taratibu, kichwa, kifua, hata miguu. Kisha akanyoosha mkono wenye sabuni kuelekea ufukweni na kugeuza mgongo.

"Sugua," alisema.

Joram aliwatazama wenzake mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemtetea. Akarudi majini, akapokea sabuni, akasugua.