Siku Tuliyolilia Gunzi

Msinicheke sana. Mpaka leo nikipita Kasenga, mtaa wetu wa siku zile, na kukutana na mmoja wa wale akina mama, nageuzia macho ziwani kama natafuta mtumbwi wangu, na mtumbwi sina. Niliwakusanya watu wazima kulilia gunzi la mahindi. Ndiyo, gunzi.

Ilikuwa wakati wa uasi, miaka michache baada ya uhuru. Mume wangu alikuwa amevuka mpaka kutafuta kazi Bujumbura na njia ikafungwa nyuma yake, nami nimebaki kwa mama mkwe (mkali yule, Mungu amlaze pema) na watoto wawili: Sifa, aliyekaribia miaka mitatu, na Amani, wa kunyonya, ambaye siku zile alikuwa na homa na mtaa mzima ulijua. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa. Tukisikia risasi tunakimbilia mlimani, tunashuka, natwanga muhogo, tunakimbia tena.

Sifa naye alikuwa kwenye umri wa kuigiza. Alianza hata hajatembea vizuri, anajifanya amelala, anakoroma, halafu anafumbua macho na kucheka. Baadaye akaanza kunilaza mimi. Kisha akaokota gunzi, akalifunga kitambaa, likawa mtoto: linanyonya, linaogeshwa, linagombezwa (kwa sauti yangu mwenyewe, nikaona haya). Na kwa kuwa mtoto huigiza anachokiona, siku moja gunzi likaugua, likafa.

"Mama, kuya. Ikala hivi. Lia."

Ningesema siwezi kuja kukaa, nina kazi, yangeisha. Lakini kukaa chini kulikuwa kupumzika, jamani! Nikaacha mchi, nikakaa uani, miguu nimenyoosha, kilemba nimevua, kitenge nimekaza kiunoni, gunzi limefunikwa mapajani, vile vile anavyokaa mama aliyefiwa kwetu, maana Sifa hakutaka kipungue kitu. Jirani yetu Mama Riziki akapita nyuma ya nyumba, akaniona. Hakuuliza. Aliweka mikono kichwani akapiga yowe.

Nikafungua kinywa nimweleze, yakatoka machozi. Ya kweli! Uchovu wa miezi yote ulikuwa umengoja nafasi hiyo tu, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kuamini, wakaja akina mama wa mtaa, wanaanguka, wanagaragara, kila mmoja na unga wake kidogo, na unga siku zile ulikuwa hauonekani. Mama mkwe akatokea mtoni, akatupa ndoo.

"Amani wangu! Mutoto wangu!"

Ndani ya nyumba, Amani akaamka, akalia anataka kunyonya.

Mama mkwe akafunua kitambaa, akalishika lile gunzi, akaniangalia.

"Weye unachezea batoto kifo? Na huyu iko mugonjwa? Kesho asubui utarudia kwenu Runingu. Batoto batabakia kwangu."

Nilijua hatanii. Nikamshika miguu mbele ya watu wote, kamasi zinanitoka. Niachane na Amani bado ananyonya? Nilidhani nitakufa pale pale.

Mama Riziki ndiye aliyesema, bado amekaa chini na vumbi lake.

"Mama, minye kaka yangu balimuzika kando ya barabara. Bale benye kufunga njia, ba bariere, bakatukataza kukusanyika. Sikumulia. Sasa tumeisha ikala, tulie tu."

Mama mkwe alikuwa amempoteza kitindamimba wake huko bondeni Ruzizi, hata mwili haukuletwa. Alilifunika gunzi tena kwa kitambaa chake. Kisha akakaa karibu yangu, akanyoosha miguu, akaanza kuita jina la mwanawe, nasi tukalia naye mpaka sauti zikakauka. Unga wa kilio kwetu haurudi nyumbani, basi ukasongwa. Nilikula nimeinamisha kichwa, na ulikuwa mtamu, nisidanganye. Habari ya Runingu haikutajwa tena.

Kesho yake Sifa, tumbo likikumbuka ule ugali, akaniletea gunzi limefunikwa.

"Mama, amekufa tena. Ikala."

"Hapana," nikamwambia. "Huyu iko na homa tu. Leta dawa."

Akanuna, lakini akaleta. Tangu siku ile nimecheza na watoto, wajukuu, sasa vitukuu, hata niwe nimechoka namna gani. Ila mgonjwa akishaletwa kwangu, awe gunzi, awe jiwe, lazima apone.