Maji ya Shabu Mlangoni

Shangazi yangu aliuza miche, na kwake udongo ulikuwa na tumbo kama mtu. Mche ukidhoofu, hakusema udongo umezidi uchachu kama wasemavyo wa duka la pembejeo. Alisema, “Huu una kiungulia,” akaurushia jivu la jikoni. Mara nyingi mche uliinuka. Watu wakamwita Mama Jivu, naye akalipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Mumewe alikuwa kinyozi, kibanda chake ubavuni mwa mlango wao. Akimaliza kunyoa, alimpaka mteja shabu, lile jiwe jeupe la kukausha damu, akalisuuza kwenye beseni, kisha maji ya beseni, pwaa! chini ya kichaka cha maua hapo mlangoni. Alikipanda mwaka waliooana. Maua yake yalikuwa buluu, jamani, buluu ya kusimamisha wapita njia!

“We mzee, maji machafu mlangoni kwangu!” Shangazi alifoka kila siku.

“Kina kiu, mke wangu.”

Nilikuwa nikicheka mpaka mbavu ziniume. Leo natamani kuusikia tena ugomvi ule, hata mara moja.

Kinyozi akafariki, kibanda kikafungwa. Msimu uliofuata maua yakatoka na rangi ya waridi. Shangazi akaona kichaka kinaumwa, akakipa jivu. Waridi ikakolea. Akaongeza jivu.

“Shukrani ya punda mateke,” alikigombeza, lakini machozi yalikuwa yanamtoka. “Hiki ndicho kitu chake pekee kilichobaki hai. Nacho kinaniondokea.”

Mimi sina subira na kilio kisichotafuta dawa. Nikaenda kumburuta mwenye duka la pembejeo. Akakoroga udongo kwa maji, akachovya karatasi yake ya kupimia uchachu. Ikageuka buluu.

“Haya, buluu yenyewe imehamia kwenye karatasi,” nikatania.

“Mama Jivu, umekizidishia,” yule bwana akasema kwa upole. “Jivu linaua uchachu, na kichaka hiki bila uchachu hakitoi buluu. Dawa zipo dukani, ila hata shabu kidogo kwenye maji inafaa.”

“Shabu?”

“Shabu ya vinyozi, mama.”

Shangazi akakaa kizingitini. Baadaye akainuka, akafungua kibanda, akatoka na kipande cha shabu kilichobonyea pale kidole gumba cha mumewe kilipozoea kushika.

Hakikubadilika upesi. Aliacha jivu, akawa anamwagia maji ya shabu, kidogo kidogo. Maua yakatoka zambarau kwanza, na msimu mwingine, buluu.

Asubuhi yalipochanua hivyo nilimkuta na beseni mkononi. Akamwaga, pwaa! Kisha akageukia kibanda.

“We mzee,” akafoka, “maji machafu mlangoni kwangu!”

Akaliweka beseni chini.

“Mwaga tu, mume wangu,” akasema. “Mwaga.”