Mabawa Aliyokunja Baba

Harufu ya grisi hunipandisha hasira hadi leo. Juzi fundi alikuja kutia grisi mlango wa gereji ya jirani, nikafunga dirisha kwa kishindo, mume wangu akaniuliza nimepatwa na nini. Yeye sikumwambia. Nyinyi nitawaambieni.

Tulikuwa tukikaa Hayes, Uingereza. Baba alitoka Unguja baada ya Mapinduzi, akapata kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, na kila jioni alirudi na harufu hiyo mikononi. Akishakunywa chai, tulimwomba atusimulie ndege yake. Wakati wa vita vya pili vya dunia, angali kijana, alifanya kazi Mombasa kwenye kiwanja cha ndege za wanamaji wa Kiingereza, na aliyoipenda ni Martlet, ndege ya kivita fupi, nene, iliyoruka kutoka kwenye manowari. Mabawa yake yalikunjwa kwa mikono ili ienee melini: watu wawili kila bawa, wanalirudisha nyuma hadi linalala ubavuni. Yakikunjuliwa, baba ndiye aliyehakikisha makomeo yameingia sawasawa, kwani komeo likiachia angani, rubani amekwisha. Kisha, pale pale kitini, baba hugeuka rubani mwenyewe: mkono mmoja umeshika usukani, wa pili unazungusha hendeli karibu mara thelathini kupandisha magurudumu, na ndege nzima inayumba kama mlevi. Baba aliyumba mpaka mama akamgombeza asivunje kiti.

Nilipokuwa na miaka tisa, mwalimu alitutaka tuandike familia zetu zilifanya nini vitani. Niliandika yote hayo, kurasa tatu. Daftari lilirudi na mstari mwekundu toka juu hadi chini: nisitunge uongo, ndege hizo zilikuwa za Waingereza. Uongo! Aliandika hivyo mwanamke ambaye hakuwahi kuigusa ndege hiyo hata gurudumu.

Baba aliomba ruhusa kazini, akavaa suti, tukaenda shuleni. Alisimama mbele ya meza ya mwalimu.

"Mwanangu, mtafsirie. Mwambie mie sikumfunza mtoto wangu uongo. Mabawa yale nimeyakunja kwa mikono yangu hii. Akitaka kujua komeo linavyotiwa, nitamwonesha sasa hivi."

Akaanza kumwonesha, pale pale, kwa rula ya mwalimu. Mwalimu alimtabasamia kama anavyotabasamiwa mtoto mdogo. Wenzangu walikuwa wakichungulia mlangoni, wanacheka. Nikasema haraka haraka, kwa Kiingereza, kwamba hiyo ni hadithi tu ya kutuchekesha nyumbani, na kwamba baba anaomba radhi.

Mwalimu akasema si neno. Baba akairudisha rula mezani, akampa mkono, tukatoka. Njiani alinambia nilifunge koti, kuna baridi.

Miaka minne baadaye nilimsindikiza ofisi ya uhamiaji, Croydon, nimejiandaa kumtafsiria. Karani alipomwambia barua zake hazitoshi, baba hakunigeukia. Alimjibu mwenyewe kwa Kiingereza, polepole, neno baada ya neno, mpaka karani akanyanyuka kwenda kumwita mkubwa wake. Kiingereza alikuwa nacho tangu Mombasa! Siku ile shuleni hakuhitaji mkalimani. Alitaka mimi, kwa mdomo wangu, niseme kuwa baba yangu si mwongo.

Mwalimu yule namchukia mpaka leo, sifichi. Lakini yeye angalau hakumwamini baba. Mimi nilimwamini kila neno, na nikamkana.