Barua ya Mama Bahati na Dirisha la Tatu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, vidole vyangu viwili vilipomuua kijana ambaye sikuwahi hata kumwona. Usishtuke, kaa. Najua unataka kwenda, mguu wako mmoja uko mlangoni tayari. Hata wangu unatikisika hapa chini ya meza, na mvi zote hizi hazijautuliza. Jana nilipita kwenye chumba chenu cha kompyuta hapa Rubondo, nikakuona unavyoruka kutoka programu moja hadi nyingine bila kugusa kipanya, wenzako wamekuzunguka, na wewe unatabasamu huku unajifanya hutabasamu. Nilijiona mimi mwenyewe. Nikarudi nyumbani, chakula kikanishinda.

Nilikuwa sijafika miaka thelathini wakati ule. Tulikuwa tumetoka Kivu ya Kusini, mimi na mama na wadogo zangu, tukapewa kiwanja hapa hapa Rubondo, ndani ya kambi ya Nakivale. Kulima sikuweza. Sikuwa mvivu, ila mahindi yalinitesa kwa kuyangojea. Naenda shambani asubuhi kuangalia kama yameota, narudi mchana kuangalia tena, mpaka mama akaniambia nitafute kazi nyingine kabla sijayang'oa kuyauliza yanachelewa wapi.

Nikaipata Mbarara, upande wa Ruti, kwenye barabara ya Kabale. Lilikuwa duka dogo la kuchapa barua, mali ya mama mmoja wa Kinyankore tuliyemwita Nyabo Kembabazi, nyabo ni 'bibi' kwa lugha yao. Alinichukua kwa sababu nilijua Kiswahili chetu cha Kongo na Kiingereza cha kutosha. Wakimbizi walikuwa wanakuja kutoka Nakivale kuandikiwa barua za kupeleka ofisini, na ofisini walitaka Kiingereza. Wao walisema kwa Kiswahili, mimi nikachapa kwa Kiingereza, wakaondoka na karatasi ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma. Hebu lifikirie hilo kidogo kabla sijaendelea.

Kompyuta ilikuwa moja na umeme ulikuwa na tabia zake. Unaweza kukatika katikati ya sentensi, na kila ulichochapa kikaenda nao. Kwa hiyo sote tulikuwa mbio, ila mimi nilikuwa mbio hata umeme ukiwa mzima. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekuja kuchapisha kazi yake ndiye aliyenionyesha ule ujanja. Unashikilia Alt kwa kidole gumba, unagusa Tab mara moja, unaachia, na dirisha ulilokuwa nalo kabla linarudi mbele. Hakuna kushika kipanya wala kutafuta mshale. Siku hiyo nilijisikia kama mtu aliyeachana na baiskeli akapewa pikipiki. Tangu hapo nikaanza kuhudumia watu wawili kwa pamoja. Huyu akinyamaza kukumbuka jambo, naruka kwa yule.

Nyabo Kembabazi hakunikataza. Alikuwa na sharti moja tu, nalo alilisema tangu wiki ya kwanza.

"Wewe iko na mikono mbio sana, mimi hapana kataa," aliniambia. "Lakini barua ni ya ule mama, si ya wewe. Kabla karatasi natoka, soma yeye asikie."

Nilikuwa nasoma, kweli. Wiki za mwanzo nilisoma kila mstari. Baadaye nikawa nasoma mwanzo na mwisho. Baadaye zaidi, watu wakiwa wengi kwenye benchi, sikusoma kabisa.

Siku hiyo alikuja Mama Bahati. Nilimjua, nyumba yake ilikuwa ya nne kutoka kwetu, na kanisani alikaa mstari wa mbele. Bahati ndiye aliyekuwa mzaliwa wake wa kwanza, na walipotezana njiani watu walipotawanyika kwa risasi, mtoto akiwa na miaka kumi na mitatu. Miaka miwili ilikuwa imepita. Alitaka barua ya kuiomba ofisi imtafute. Alisema polepole. Anasema neno, ananyamaza, anakunja ncha ya kitenge, anaikunjua, anaanza upya. Sitakudanganya, mwanangu, ule ukimya wake ulikuwa unaniwasha mwilini.

Pembeni yake alikaa Mzee Yoeli, mfugaji aliyekuwa anachunga ng'ombe wa watu upande wa Endiinzi. Yeye alitaka barua ya kurekebisha kadi ya familia yake, kwa sababu mzaliwa wake wa kwanza alikufa kwa homa wakiwa njiani kuja Uganda, lakini kwenye kadi bado aliandikwa kama mtu aliye hai. Nikafungua barua zote mbili. Mama Bahati akinyamaza, nagusa Tab, niko kwa Mzee Yoeli. Mzee akitafuta neno, nagusa Tab, nimerudi kwa Mama Bahati.

Halafu wakanyamaza wote wawili kwa wakati mmoja. Nilikuwa kwenye barua ya Mama Bahati. Mtu mwingine angetulia dakika moja, lakini mimi nikafungua mchezo wa karata. Ndilo lililokuwa dirisha la tatu. Mara Nyabo akatokea mlango wa nyuma, na Mzee Yoeli naye akaanza kusema. Nikagusa Tab mara moja, kama nilivyozoea, kufika kwa Mzee. Macho yangu yalikuwa kwenye kadi yake ya familia, natazama jina la yule marehemu, na vidole vikachapa: mzaliwa wangu wa kwanza alifariki njiani kwa homa.

Hapa ndipo pa kushika, mwanangu. Tab haimjui mtu wala barua yake. Inakumbuka tu dirisha uliloligusa mwisho. Kabla ya karata nilikuwa kwa Mama Bahati, kwa hiyo ilinirudisha kwa Mama Bahati, na ule mstari ukakaa chini ya jina la mwanawe.

Mwanga wa balbu ukayumba. Nikafunga karata, nikahifadhi, nikatoa karatasi zote mbili. Mama Bahati akauliza kama sitamsomea. Nikamwambia iko sawa, mama, umeme unaondoka, siku nyingine. Akaikunja barua, akaiweka ndani ya Biblia, akanishukuru. Alinishukuru mara mbili.

Zilipita kama siku kumi. Mzee Yoeli akarudi dukani, amesimama na fimbo yake, karatasi mkononi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza baadaye.

"Binti, ule mutoto wangu wa kwanza, ule mwenye alikufia mu njia, iko fasi gani humu?" aliniuliza. "Bamenisomea barua yote, haiko."

Nikacheka kidogo, nikamwambia yumo, nikafungua barua yake kwenye kompyuta. Hakuwemo. Nikapanda juu, nikashuka chini. Nikafungua barua ya Mama Bahati, na mstari ule ulikuwa pale, umetulia katikati ya maneno yake kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeusema.

Nyabo alisoma uso wangu, kisha akasoma kioo cha kompyuta. Sikumweleza mengi. Alichukua mkoba wangu ukutani, akaniwekea mkononi, akasema, "Wewe hapana kaa hapa. Enda kwa ule mama." Barua ya Mzee Yoeli aliichapa upya Nyabo mwenyewe, kwa kidole kimoja.

Njia nzima ya kuja Nakivale sikukaa vizuri kwenye kiti. Ng'ombe wakivuka barabara nawatukana moyoni. Dereva akisimama kunywa maji nahisi nimpokonye chupa. Nilikuwa najiambia kwamba barua bado imo ndani ya Biblia, hajaipeleka, nitaichukua, nitaichana, yataisha. Nilishuka nikaanza kukimbia kabla gari halijasimama.

Nilikuta mabenchi ya kanisa yametolewa nje ya nyumba yake. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, wanaume wameshika kofia mkononi, na mama yangu mzazi anaosha sahani pembeni. Nikamuuliza kuna nini. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba Bahati amekufa, ni siku ya tatu leo ya kilio, na kwamba ni ofisi ndiyo iliyomwambia mama yake. Mama Bahati alikuwa ameipeleka barua, mkalimani akaisoma, akampa pole kwa kufiwa na mtoto. Mama yule alidhani ofisi imepata habari. Hakujua Kiingereza, angejuaje kwamba habari yenyewe aliibeba yeye ndani ya Biblia yake?

Na lilikuwepo jingine, baya kuliko hilo. Ofisi haimtafuti mtu ambaye mama yake ameandika kwamba amekufa. Faili lilikuwa limefungwa.

Nilisimama mbele ya watu wote wale. Nilitaka niseme haraka, yatoke yaishe, lakini Mama Bahati alinyanyua uso akanitazama, na haraka yangu yote ikakauka. Nikamwambia ofisi haikupata habari yoyote. Nikamwambia maneno yale niliandika mimi, kwa makosa, ni ya mtoto wa mtu mwingine.

Alikaa kimya muda mrefu. Safari hii nilingoja.

"Ni kusema mutoto wangu hakukufa?" akauliza.

"Sijue, mama," nikamjibu. "Hakuna mutu anajua."

Nilitegemea afurahi, mwanangu. Nilikuwa mjinga kiasi hicho. Yeye alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema maneno ambayo nayabeba hadi leo.

"Siku tatu nimelia, na roho ilianza kupumuzika kidogo. Sasa unanirudisha fasi ya kungojea. Mikono yako iko mbio, binti yangu, lakini ni mie njo nitangojea." Kisha akajifuta uso kwa kitenge. "Leta karatasi. Andika tena. Na unisomee."

Wakaleta daftari la shule. Niliandika kwa mkono, pale kwenye mkeka, nasoma kila mstari kwa Kiswahili kabla sijaenda mwingine. Na watu waliokuja kulia wakaanza kusahihisha. Mmoja akakumbuka kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto, mwingine akasema Bahati alikuwa anapiga mluzi akiwa na woga. Hayo yote Mama Bahati alitaka kuniambia kule Ruti, ndani ya ule ukimya wake, na mimi nilikuwa nacheza karata. Kesho yake tulikwenda ofisini wote wawili. Nikakiri, barua ya kwanza ikatolewa, hii ikawekwa, na faili likafunguliwa tena.

Bahati hajapatikana. Lakini kila mwaka Mama Bahati huja kwangu, barua hufanywa upya, na tunabadilisha namba moja tu: umri wake. Aliyekufa haongezewi mwaka. Ndiyo maana mama yule huja amevaa kitenge kizuri, na mimi humsomea barua nzima, tangu tarehe mpaka jina lake la mwisho, na akinyamaza nakaa. Mguu unatikisika, lakini nakaa.

Basi nakuambia hivi, mwanangu. Ruka. Alt na Tab ni kitu kizuri, sitakurudisha kwenye kipanya. Ila ukitua, soma jina lililo juu ya dirisha kabla hujachapa hata herufi moja, kwa sababu mashine inakurudisha ulikotoka, haijui unakokwenda. Usiwachanganye watu wawili kwenye meza moja kama unaweza kungoja mmoja amalize. Na barua isitoke mkononi mwako kabla mwenyewe hajaisikia kwa lugha yake, hata balbu ikiyumba, hata benchi likijaa. Umeme ukikatika, utachapa tena. Mimi nilijua hivyo hata siku ile.

Sikukuita bure. Macho yangu yameanza kukataa kioo, na mwaka huu Mama Bahati nimemwelekeza kwako. Mungu akuachie mikono yako miepesi, akupe na subira ambayo mimi niliipata nimechelewa, na kila jina litakalopita chini ya vidole vyako alilinde kama la ndugu yako. Mama yule atakuja Jumatatu asubuhi. Bahati ametimiza miaka thelathini na mmoja. Umsomee yote.